Rada ikizimwa kwa sevisi: niliyoyasema Hombolo

Wengi hamkufika Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wakulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma, na waliofika nusu yao walikuwa nje kwenye kivuli cha mkwaju, kwahiyo nimeandika yote karibu kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, hata pale pale zilikuwa hazionekani kwa ajili ya jua.

Mbukwenyi! Mbukwenyi tena! Haya, sasa nimesikia, mara ya kwanza mmeitikia kama watu wanaodaiwa.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wakulima, na nyie vijana mliokaa juu ya pikipiki pale mlangoni, asanteni kwa kuja. Mimi wengi mnanijua, nimefanya kazi za mitambo miaka 31, mitambo ya kupimia, majenereta, viyoyozi, chochote chenye waya, nimestaafu na sasa nina ekari moja na nusu ya zabibu hapa hapa na deni la viuatilifu kama nyie. Katibu kaniambia niongee dakika ishirini. Nitajitahidi.

Wiki tatu zilizopita kwenye grupu letu mtu karusha meseji, "rada ya hali ya hewa imezimwa, hakuna utabiri mpaka mwezi ujao". Mkaipokea! Mmoja akasema sasa tumebaki vipofu, mwingine akasema wanazima makusudi, na kuna mama mmoja hapa simtaji jina ila anacheka, huyo alikuwa ameshachanganya salfa kwenye bomba akaacha kupiga dawa siku nne nzima. Mimi nikauliza, rada gani? Kimya. Nikauliza tena, rada ya wapi? Ndipo mtu akatuma tangazo lenyewe, nalisoma, kumbe ni la Marekani, jimbo ambalo hapa hakuna mtu ana hata shemeji huko, mtu kalitafsiri kwa simu likapoteza kichwa na miguu. Na lilikuwa linasema nini? Kwamba rada itafungwa siku kadhaa mafundi wabadilishe vifaa, alafu itarudi, na wakati huo rada za jirani zitaangalia eneo hilo. Basi. Ndiyo hilo lililomfanya mtu wa Hombolo asipige salfa.

Sasa nikasema siwacheki, maana ubwiri unga, ule ugonjwa wa zabibu tunaoupigia salfa, haucheki na mtu, ila tukae tuulizane. Rada ikizimwa unapoteza nini hasa? Kwanini waizime wakati inafanya kazi? Na nani anaangalia angani wakati imezimwa?

Tuanze na hilo la kwanza. Rada ni kitu cha kurusha mawimbi na kusikiliza. Inapiga mwali, mwali unaenda, ukikuta matone ya mvua kiasi kidogo kinarudi, mtambo unasikia na kuhesabu umechukua muda gani. Mvua iliyopo kilomita 150 kutoka hapa, mwali unaenda na kurudi ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipepesa jicho umeshachelewa sana. Na haikutengenezwa kwa ajili ya mvua kabisa, kwenye Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi walikuwa wanatafuta ndege za adui, mvua ikawa inawachafulia picha, wanakasirika, mpaka baadae watu wakasema ngoja, huu uchafu mbona ndio tunaoutaka.

Rada inakupa mvua ilipo sasa hivi, inaelekea wapi, nzito kiasi gani. Inakupa saa moja, saa mbili, labda tatu zinazokuja. Haikupi kesho! Utabiri wa kesho na keshokutwa unatoka kwenye kompyuta kubwa zinazopiga hesabu za hewa ya dunia nzima, kwenye satelaiti, kwenye vituo vya kupimia, na ile taarifa ya msimu, kwamba mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zitakuwaje, hiyo haitegemei rada. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, au tahadhari, au tahadhari kubwa, la siku tano mbele, hiyo rangi ya njano au nyekundu kwenye ramani haifutiki kwa sababu fundi yuko juu ya mnara na spana. Nimeeleweka mama? Salfa ungepiga.

Lakini msinielewe vibaya, hizo saa moja mbili siyo kitu kidogo. Mvua za Elnino zile za 1997 kuingia 1998, shemeji yangu alikuwa anavuka korongo na mkokoteni wa punda wawili, magunia sita ya mtama. Jua linawaka, mchanga mkavu, mbingu ya bluu hivi. Akasikia kama lori linakuja. Akageuka akaona maji yamesimama kama ukuta wa tope na magogo, maana mvua ilishapiga huko juu vilimani masaa mawili kabla na hakuna mtu wa huku aliyejua. Yeye alishika mzizi. Punda mmoja alipona, na mpaka leo shemeji ukimwambia habari ya mtama ule ananyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya rada, kuona mvua iliyoko vilimani wakati wewe uko kwenye jua. Satelaiti ingeona wingu, ndiyo, zile za kuangalia Afrika ziko kilomita 36,000 juu na zinapiga picha kila dakika 15 au 10, ila inaona wingu kwa juu. Ni kama kuangalia bati la nyumba ya mtu ukataka kujua ndani wanakula ugali na nini.

Kwahiyo rada ni muhimu. Na kwa sababu ni muhimu, swali la pili linauma zaidi. Kwanini waizime?

Nani hapa ana mashine ya kusaga? Mzee, unyooshe mkono usiogope, hatuji kukopa. Mashine unaizima lini kubadilisha mkanda na beringi, wakati foleni ya wanawake iko mpaka barabarani au kabla ya mavuno? Kabla. Na asiyefanya hivyo tunamjua, alikuwepo mmoja kijijini kwetu nilikokulia, mashine inapiga kelele tangu Machi, kila mtu anasikia, yeye anasema "bado inasaga, bado inasaga". Ilikatika shafti mwezi wa sita, msimu umekolea, spea ikatafutwa Dar es Salaam, tukarudi kwenye kinu na mchi wiki tatu. Bado inasaga! Hayo maneno mawili yameua mitambo mingi kuliko radi.

Sasa chukua rada. Ule ungo wake mkubwa unazunguka usiku na mchana. Tuseme mizunguko 3 kwa dakika, fanyeni hesabu na mimi, kwa siku 4,320, kwa mwaka zaidi ya milioni moja na nusu. Ungo mzito, uko juu ya mnara, umefunikwa na lile dude la duara kama mpira mkubwa mweupe, unazungukia kwenye beringi na meno ya gia yanayotaka greisi, kuna brashi za kupitisha umeme zinalika, kuna taa kubwa ya kutoa mawimbi ambayo ina masaa yake ya kuishi kama glopu, kuna viyoyozi, na viyoyozi vikifa kompyuta za ndani zinaiva. Watu wanadhani rada inakufa kwa mambo ya kisayansi. Mara nyingi inakufa kwa kiyoyozi, na kwa jenereta ambayo halikuwashwa miezi minne, na kwa nyigu. Nyigu kweli, msicheke, nimetoa viota vya nyigu kwenye mitambo ya bei ambayo siwezi kuitaja mbele ya watoto.

Huwezi kupaka greisi kitu kinachozunguka. Na huwezi kumpandisha mtu karibu na ungo unaorusha mawimbi ya nguvu ile. Lazima uzime. Kuna kuzima kwa masaa machache, hiyo ya kawaida, kusafisha, kukaza, kubadilisha vichujio. Kuna kuzima kwa siku kadhaa. Na kuna ile ya kubadilisha viungo vizima.

Wale Wamarekani wa lile tangazo wana mtandao wa rada unaitwa NEXRAD, rada karibu 160, nyingi zimesimikwa miaka ya 1990. Zilipoanza kuzeeka hawakuzitupa, wakazipitia zote moja moja, wakabadilisha kile kichwa cha kuchakata mawimbi, wakakarabati kitoa mawimbi, wakatengeneza upya vibanda vya mitambo, na ile kazi ngumu kuliko zote wakabadilisha kitako kinachozungusha ungo. Hapo inakuja kreni, wanavua lile dude jeupe, wanashusha ungo wenye upana wa mita 8 na nusu, wanatoa kitako, wanaweka kingine, wanarudisha. Karibu wiki mbili rada moja. Kazi yote ilikwenda mpaka 2024. Kabla ya hapo, 2011 mpaka 2013, walizizima tena zote kwa zamu ili zirushe mawimbi ya kulala na ya kusimama kwa pamoja, na faida yake sisi wa zabibu tuielewe vizuri, maana mwali ukienda namna mbili unaweza kutofautisha tone la mvua na jiwe la barafu. Nani hapa alishapigwa na mvua ya mawe siku kumi kabla ya kuvuna? Naona mikono. Naona mikono mingi.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuzima na hii ndiyo imenileta hapa leo, hizo nyingine ni utangulizi tu.

Mizani. Mnakumbuka ule msimu, mnunuzi mmoja simtaji, kreti zetu zilikuwa nyepesi ghafla? Kreti ya kilo 25 inasoma 22. Tulilaumu kiangazi, tulilaumu miche, mzee mmoja alimlaumu mkwewe kwamba anakula zabibu shambani. Mpaka kijana alipoleta mfuko wa saruji, kilo 50 inajulikana, tukauweka juu, ikasoma 44. Mizani ilikuwa nzima kabisa! Inawaka, inasoma, namba zinatokea. Ilikuwa inadanganya tu. Sasa niambieni, mizani iliyozimwa na mizani inayodanganya ipi imetuibia?

Rada ni mizani ya mvua. Nguvu inayorudi ndiyo inageuzwa kuwa milimita. Sasa vifaa vikichoka taratibu, ile nguvu ikasomeka nusu ya ilivyo, na hakuna anayejua kwa sababu picha bado inatokea na rangi zake nzuri, kwa hesabu ya kawaida inayotumika mvua ya milimita 20 kwa saa itaandikwa kama 13. Ishirini ni korongo linajaa. Kumi na tatu mtu wa zamu anaweza kusema hii ni mvua ya kawaida tu. Na rada haijazimwa, iko hewani, kila mtu ana furaha.

Kuipima upya wanafanyaje? Wanapitisha mawimbi wanayoyajua nguvu yake, kama ule mfuko wa saruji, wanaangalia mtambo unasoma ngapi. Wanaugeuza ungo kulitazama jua, maana jua nalo linatoa mawimbi na tunajua lilipo kila dakika, kama rada inasema jua liko pembeni kidogo basi rada ndiyo imepinda. Na wanalinganisha na vipima mvua vya chini, vile vya kopo, nitarudi huko. Mambo haya mengine yanataka rada iache kuangalia mvua ndipo yafanyike. Kwahiyo mtu akiniambia rada yao haijawahi kuzimwa hata siku moja tangu iwekwe, mimi sipigi makofi, mimi nauliza mara ya mwisho mliweka mfuko wa saruji lini.

Haya, la tatu. Nani anaangalia ikiwa imezimwa?

Kule Marekani wanaandika "rada za jirani zitatumika" na ni kweli, zimepangwa zinapishana. Na sisi? Mpango wa nchi ni rada saba, Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Kigoma, KIA yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na hapa Dodoma. Saba kwa nchi hii ni hatua, kwa umri wangu nilianza kazi hakuna hata moja. Ila tuongee ukweli kuhusu ujirani. Dunia ni mviringo, mwali unaenda karibu moja kwa moja, kwahiyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopanda juu ya ardhi. Kilomita 100 uko kama kilomita moja na nusu juu. Kilomita 200 uko juu kilomita 4. Kutoka Dar mpaka hapa, ukipaa kama kunguru, ni karibu 390, huko mwali uko kilomita 12 na zaidi, unapita juu ya kichwa cha hata lile wingu jeusi la Januari au unaligusa nywele tu. KIA ni kama 340, nako uko karibu kilomita 10. Yaani jirani yupo ila anachungulia juu ya ukuta na sisi tumekaa chini ya ukuta.

Kwahiyo kwetu swali la lini linazimwa ni zito kuliko kwao. Jibu bahati nzuri tunalo angani, Mungu ametupa Mei mpaka Oktoba hapa kati hainyeshi, kipupwe na vumbi na upepo wa kung'oa mabati. Ukisikia rada ya ukanda huu inafungwa Julai wiki mbili, lala usingizi. Ukisikia inafungwa Januari kwa sevisi ya kupangwa, hapo uliza, na uulize kwa sauti. Tatizo ni kwamba Mtwara, Mbeya na Kigoma nao mvua zao ni msimu mmoja kama sisi, wote wanataka fundi yule yule kwenye kiangazi kile kile, na spea inatoka ng'ambo kwa meli, ikichelewa bandarini miezi miwili kiangazi kimeisha. Hapo ndipo mipango inaharibikaga. Siyo uvivu, ni foleni, nimekaa kwenye foleni hiyo.

Na kuna kuzimwa ambako hakuna tangazo. Septemba 2017 kimbunga Maria kiliingia Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, rada yao ilikuwa juu ya mlima, upepo ukaing'oa. Imekwisha. Miezi tisa, mpaka Juni 2018 ndiyo ikarudi. Katikati wakaletewa rada mbili ndogo za kuazima za jeshi ili wasikae gizani. Hii ilikuwa nchi tajiri, na kimbunga ni kimbunga, huwezi kumlaumu fundi. Nawaambia ili mjue tofauti, wiki mbili za kreni na miezi tisa ya kuokota vyuma. Sisi kimbunga cha namna ile hatuna hapa, tuna radi, tuna umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na tuna wale wanaoiba nyaya za shaba.

Basi tufanyeje sisi? Rada imezimwa, iwe kwa tangazo au bila tangazo, wingu hilo hapo.

Kwanza simu. Sisi tuko huku chini maji yanakoshukia, kuna watu wako kule juu yanakotokea. Mvua ikipiga kwao kwa nguvu, anayeishi huko ana simu na wewe una simu, shemeji yangu 1998 hakuwa nayo. Nimeongea na vijana watatu wa vijiji vya juu, wamekubali, mvua ikizidi nusu saa ya kumwaga wanapiga kwa katibu. Hawatumi meseji kwenye grupu, wanapiga! Grupu letu tumeliona, mtu atatuma "mvua kubwa" alafu mwingine ataweka picha ya harusi juu yake.

Pili, ukiona tangazo uliza rada ya wapi, kuanzia lini mpaka lini, na ni kazi gani inafanyika. Tangazo lisilo na tarehe ya kurudi siyo tangazo hilo, ni msiba. Na sisi tuna haki ya kuulizia hilo, kwa mtendaji, kwa afisa ugani, kwa yeyote anayekuja hapa kwenye gari nyeupe.

Tatu ni kopo. Kipima mvua. Najua mnakidharau, hakina taa, hakina intaneti. Lakini nimeshawaambia, rada inaporudi kutoka sevisi inalinganishwa na kopo, siyo kopo linalinganishwa na rada. Kopo ndiyo ule mfuko wa saruji. Sehemu kama hii ambayo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, mvua moja ya jioni inaweza kuwa sehemu ya kumi ya mwaka wako, na inanyesha kwa jirani inakuruka wewe. Nani ataandika hiyo?

Mzee kauliza swali zuri hapa kati nilipokuwa naongea, kwamba je wakituongezea rada mpya si tutakuwa tumemaliza. Mzee, mashine ya pili ya kusaga nayo ina beringi.

Dakika ishirini zimepita zamani, katibu ananikonyeza. Nimekuja na vipima mvua viwili, viko pale mezani kwake. Kimoja kinakaa shule ya msingi, kingine nataka mtu wa upande wa bwawani, ambaye halewi usiku. Kiwekwe mbali na mti na mbali na nyumba, kisiwe chini ya mkwaju huu tafadhali, na kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, hata kama ni kikavu unaandika sifuri. Saa 3, siyo saa 4 ukitoka kunywa chai. Mama wa salfa naona umenyoosha mkono, njoo uchukue.